Kiangazi, koili na senti zenye tundu: kutoka Namasagali hadi Butiaba

Jumamosi, Kampala hadi Namasagali

Tumetoka Kampala alfajiri, kabla foleni ya Mukono haijafunga barabara. Gari ni Noah ya Afande, mstaafu wa jeshi aliyejifunza Kiswahili kambini na hajakiacha. Pembeni yake kakaa Hajati wa Bombo, mwenye jicho kali kuliko sisi sote. Nyuma niko mimi na Fundi, kijana anayetengeneza redio na simu mjini, na miguuni kwetu kuna ditekta zetu, mashine za kutambua vyuma na sarafu zilizofukiwa ardhini, koleo fupi, visu vya kuchimbia, jerikeni za maji na sufuria ya Hajati ambayo haibaki nyumbani hata kwa fimbo.

Njia tunayoifuata ni ya zamani. Mwaka 1912 reli ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali, kwenye ukingo wa Nile. Abiria na marobota ya pamba walihama kutoka behewani wakaingia kwenye meli zenye gurudumu la kupiga maji upande wa nyuma, wakateremka mto na kuvuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Kutoka hapo walipanda gari hadi Butiaba, ambako meli nyingine iliwasubiri kwenye Ziwa Albert, iwapeleke upande wa Kongo au kaskazini kuelekea Sudan. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda. Ziwa Victoria peke yake lilipanda zaidi ya mita 2, na Namasagali na Butiaba zikazama gati na biashara yake. Shughuli hazikurudi tena.

Ndiyo maana nilipendekeza njia hii. Kwa miaka yote niliyotembea na koili, lile duara la chini ya ditekta, nimeamini jambo moja: sarafu huanguka pale watu walipotia mkono mfukoni. Foleni ya tiketi, kivuli cha mama muuza ndizi, ngazi ya meli ambapo mchukuzi analipwa huku bahari ya watu ikimsukuma. Bandari iliyokufa ghafla ina sehemu kama hizo zimelala kama zilivyoachwa.

Fundi hakubaliani nami. Yeye anataka sanduku la maharamia.

Jioni tumeonana na mwenyekiti wa kijiji, LC1, tumekunywa chai yake, tumemwonyesha barua na vitambulisho. Bandari yenyewe leo ni eneo la chuo, na humo hatuwashi kitu. Tumeomba shamba la mama mmoja lililo nje ya eneo hilo, kando ya tuta la reli. Amekubali kwa sharti kwamba kila shimo lifukiwe na mihogo yake isiguswe. Tumekubaliana pia kwamba kitakachopatikana kitapita kwanza mkononi mwake.

Jumapili, Namasagali

Kiangazi cha Februari hakina mzaha. Tulianza saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado halijachomoza vizuri, na kufikia saa nne mpini wa koleo ulikuwa umeshachemka. Utaratibu wetu ni huo: asubuhi hadi saa nne, kisha kivulini hadi saa kumi jioni, kisha tena mpaka giza. Anayebisha anaulizwa na Hajati amekunywa maji mara ngapi. Maji yenyewe anayatia chumvi kidogo na sukari, maana jasho haliondoki na maji matupu.

Joto linaisumbua mashine pia, na hili wengi wanaoanza hawaambiwi. Ukiitoa kwenye gari lenye ubaridi ukaiweka juani ghafla, sauti inaanza kuyumba. Iache ipate joto la mahali, kisha isawazishe upya na udongo. Simu inazima yenyewe, hivyo ramani tunaiandika kwenye daftari kwanza. Betri za lithiamu hatuzichaji zikiwa moto. Hedifoni kubwa za kufunika masikio zinajaza jasho, na Hajati amekata kipande cha kanga akakifunga chini yake, sasa sote tumeiga.

Udongo wa hapa ni mwekundu, umejaa chuma, na ditekta ya kawaida inauona wote kama shabaha moja kubwa. Mimi natumia Equinox 800 ya Minelab, ambayo inatuma mawimbi ya masafa kadhaa kwa wakati mmoja na kuvumilia udongo wa namna hii. Fundi ana Garrett ACE 250, mashine ya zamani yenye masafa mamoja. Inapiga kelele zaidi, lakini inakula betri nne ndogo za kawaida ambazo kila kioski cha kijijini kinauza, na kijijini hiyo ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Amepunguza nguvu ya kusikia, akainua koili kidogo juu ya ardhi, akaenda polepole. Kwa udongo wa chuma hiyo ndiyo dawa.

Tumetoa vizibo vya soda, misumari mikubwa ya kufungia reli, vipande vya bati, bakuli lililobonyea. Kisha, kwenye mwembe ulio karibu na tuta, Hajati akapata sauti safi pande zote mbili. Alichimba bonge la udongo kwa kisu, akaigeuza juu ya gunia, akapasua kwa vidole. Ilikuwa sarafu pana, nyembamba, ya kijani kibichi, na tundu katikati limezibwa na udongo mkavu. Hakuisugua. Aliimwagia maji ya kunywa kidogo kidogo mpaka pembe mbili za ndovu zikaonekana zimelizunguka tundu, na chini yake 1936. Akaigeuza. Taji, TEN CENTS, na jina: EDWARDVS VIII.

Nilikaa chini. Edward wa Nane alitawala Uingereza tangu Januari 1936 na kujiuzulu Desemba ya mwaka uleule. Kwao hazikuwahi kuingia sokoni pesa zenye sura yake. Ila senti zetu za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu, hazikuwa na mahali pa kuweka sura, zilihitaji jina tu, basi zikatoka kiwandani mwaka huohuo zikasambaa kwenye masoko ya pamba. Si sarafu adimu, watu wanazo. Lakini hii ilitoka mkononi mwa mtu aliyesimama chini ya mwembe huu akingoja meli, na sisi tunajua ni mwembe upi.

Hajati akasema nyanya yake alikuwa akizitunga senti hizi kwenye uzi na kuzifunga kiunoni zisipotee. "Huyu wa hapa uzi wake ulikatika," akamwambia mama mwenye shamba, na wote wawili wakacheka. Sarafu imebaki kwa mwenye shamba. Tumepiga picha pande zote mbili, tumeandika kina na mahali.

Jumatatu, barabarani

Siku ya gari tu. Tumerudi hadi barabara kuu ya Gulu, tukapita Luwero na Nakasongola. Fundi aliuliza mbona hatusimami Luwero, na Afande akamjibu bila kugeuza kichwa: "Pale walikufa watu, kijana." Vita vya 1981 hadi 1986 viliacha mifupa na vyuma vya kila namna katika ardhi ile. Kundi letu halijawahi kuwasha mashine Luwero wala halitawasha.

Baadaye, tukila rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, kando ya barabara, Afande alirudia sheria yake ambayo kila mgeni wa kundi huisikia. Chuma cha mviringo usichokijua, chenye mapezi au chenye kofia upande mmoja, hukigongi, hukivuti, hukigeuzi. Unaweka alama, unaondoka kwa njia uliyojia, unaita polisi. Uganda ilitangazwa kuwa haina tena maeneo ya mabomu ya ardhini mwaka 2012, lakini risasi na mabomu yaliyokosa kulipuka ni jambo jingine.

Masindi Port tumeiacha kwa safari nyingine. Tumelala mji wa Masindi, ambako hoteli ya zamani ya abiria wa njia hii, iliyojengwa 1923, bado inapokea wageni. Sisi tumelala penye bei yetu.

Jumanne, Nyabyeya

Kwenye njia ya Budongo tumesimama Nyabyeya. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili hapa palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland, watu waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti, wakatoka kupitia Uajemi na kufika Uganda kuanzia 1942. Walijenga kanisa la mawe na matofali ambalo bado linasaliwa, na karibu yake kuna makaburi yao. Wengi wao waliondoka vita vilipokwisha, kambi ikafungwa.

Mashine zilibaki kwenye gari. Tulikuja kwa sababu Fundi hakujua kitu anachokibeba kimetoka wapi. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutafuta kwa umeme risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, na springi za kitanda zikamharibia kazi. Lakini ditekta ya kubebwa mkononi na askari, yenye fimbo na koili chini, ilitengenezwa na afisa wa Poland, Józef Kosacki, akiwa na jeshi la nchi yake uhamishoni Uskoti. Aliwapa Waingereza kazi yake bila kudai hataza. Mwaka 1942 ilitumika El Alamein kusafisha njia kwenye mabomu ya Wajerumani, na mwaka huohuo wananchi wenzake walikuwa wanaanza kufika kwenye msitu huu.

Afande alisimama mbele ya kanisa, kofia mkononi. Alisema jeshini alifundishwa kutumia mashine kama hiyo na hakuna mwalimu aliyewahi kumtajia jina la mtu huyu. Akamwomba Fundi amwandikie kwenye daftari lake herufi kwa herufi.

Jumatano, Butiaba

Unapofika ukingo wa bonde la ufa unaliona Ziwa Albert lote chini yako, na milima ya Kongo ng'ambo. Kisha barabara inateremka, na joto linapanda kukulaki. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ziwa hili liko kama mita 620. Ukuta wa bonde unazuia upepo kutoka mashariki. Barabara zilizowekwa lami kwa ajili ya uchimbaji wa mafuta zimefanya safari kuwa nyepesi, na lami hiyo mchana inatoa mvuke machoni.

Tumeripoti kwa viongozi wa mwalo. Swali lilikuwa lilelile la kila mahali: mnatafuta dhahabu? Au zebaki nyekundu? Tulieleza, tukawaruhusu vijana kuvaa hedifoni na kusikia tofauti ya kizibo na shilingi, na baada ya hapo tulikuwa na wasaidizi wengi kuliko koleo.

Butiaba ilikuwa na meli iliyopewa jina la gavana Robert Coryndon. Ilitengenezwa Uingereza, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapa, ikaanza kazi 1930. Mafuriko ya miaka ya 1960 yaliimaliza. Mabaki yake yalikaa ufukweni miongo kadhaa, hadi watu wa skrepa wakayakata na kuyauza kwa kilo. Mzee mmoja alitutembeza hadi mahali alipokuwa akiyaona akiwa mtoto. Hapana kitu cha kuona. Nimesikitika sana, na sikitiko langu si kwa wale waliokuwa na njaa wakauza chuma. Meli ile ingewekewa uzio na mlinzi mmoja, leo watoto wa Buliisa wangekuwa wanaletwa kuiona na walimu wao.

Equinox inaweza kuzama hadi mita 3 majini. Hatukuingia. Ziwa hili lina kichocho, na mwambao wa Butiaba unajulikana kwa hilo, mbali na mamba. Tulifanya kazi juu ya mstari wa maji tu, na glavu, kwa sababu ya ndoana za wavuvi zilizojaa mchangani.

Alhamisi, Butiaba

Asubuhi tulipata vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, ndoana, sahani ya bati, na senti tano mbili za George wa Sita. Kisha Fundi akapiga mayowe. Kwenye kina cha kiwiko, ACE yake ya zamani ilikuwa imepata kufuli la shaba, zito, limeganda, kifuniko cha tundu la ufunguo bado kinazunguka. Juu yake herufi tatu: K.U.R., reli ya Kenya na Uganda. Kampuni iliitwa hivyo kati ya miaka ya 1920 na 1948, kwa hiyo kufuli lilikuwa kazini wakati Coryndon inafunga kamba hapa. Kina, mahali, picha, mfuko wa karatasi. Sheria ya Uganda inataka kitu cha kale kikionekana kiripotiwe, na hiki kitaripotiwa.

Saa nne tukakimbilia mwarobaini. Hewa haikutikisika. Kuku walikuwa wamelala ubavu, midomo wazi. Hajati akapika samaki, na Fundi, akiwa bado ameshika kufuli lake, akauliza tena: sawa, lakini sanduku la maharamia je?

Mimi nimezaliwa Mombasa, habari hizi nimekua nazo. Nikamwambia aanze na Mir Ali Bey, Mturuki aliyeshuka pwani yetu mwaka 1585 na tena mwishoni mwa 1588 kuwapora Wareno. Mombasa walimfungulia bandari, maana Wareno walikuwa wamewachosha. Mwaka 1589 meli za Wareno zikaja kutoka Goa, akakamatwa, akapelekwa Lisbon, na baada ya hapo Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Mreno alimwita haramia. Mmombasa alimwona mkombozi.

Kisha Henry Every, haramia wa Kiingereza aliyeiteka Ganj-i-Sawai, meli kubwa ya mfalme wa Wamoghuli, Septemba 1695 ikirudi na mahujaji kutoka Makka. Hajati aliposikia mahujaji aliweka kijiko chini. Ndiyo, Hajati, mahujaji, na waliteswa, wanawake kwa wanaume. Every akatoweka na hakuonekana tena. Lakini mwaka 2014 mtu mwenye ditekta alichimbua sarafu ndogo ya fedha kwenye shamba la matunda huko Rhode Island, Marekani, na kusoma Kiarabu. Ilipigwa Yemen 1693. Wanaohusisha sarafu hiyo na watu wa Every wana hoja nzuri: sarafu ya Yemen isingefika kwa urahisi shamba la koloni ya Kiingereza wakati ule.

"Umeona?" Fundi akaruka. "Walizika!"

Hawakuzika. Sarafu moja shambani imeanguka, au imetumika kulipia chakula na malazi. Haramia alikuwa mtu wa mshahara wa kugawana: mali ikitekwa inagawiwa, ikigawiwa inaliwa. Haramia William Kidd, aliyetia nanga Mwali kule Komoro mwaka 1697 kusafisha meli yake na kuzika mabaharia wake wengi kwa maradhi, ndiye anayejulikana kwa hakika kuwa alifukia mali, kisiwani Gardiners mwaka 1699. Ilifukuliwa mara moja na serikali, ikawa ushahidi, na yeye akanyongwa London mwaka 1701. Hadithi zote za masanduku zimekua juu ya shimo lile moja. Levasseur, haramia wa Kifaransa, alinyongwa kisiwani Bourbon, Réunion ya leo, mwaka 1730, na watu wamechimba Shelisheli kwa vizazi wakifuata maandishi yanayosemekana ni yake. Waliopata mali kweli ni waliotafuta meli iliyozama kabla mali haijatumika: Whydah, meli ya haramia Bellamy, ilizama Aprili 1717, ikapatikana 1984, na mwaka uliofuata kengele yenye jina lake ikatolewa majini.

Afande akasema sisi nasi tunao. Ziwa Victoria leo lina majambazi wanaowavamia wavuvi usiku, wanachukua injini na nyavu na kumwacha mtu anaelea. Hao ni maharamia kamili. Na zamani, mvumbuzi Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875, mitumbwi ya watu wa Buvuma ilimkabili akawaandika kama maharamia. Kabaka Mutesa wa Buganda aliwapelekea jeshi kubwa mwaka huohuo karibu na Jinja, na hakuwashinda. Hawakushindwa hadi 1893. Mimi nasema yaleyale niliyoyasema juu ya Mir Ali: Wabuvuma walikuwa wakilinda maji yao dhidi ya mgeni mwenye bunduki, na aliyeandika kitabu ndiye aliyewapa jina.

Mjadala ulikwenda mpaka saa kumi. Hatukukubaliana. Fundi alishika ACE yake akaenda kwenye mteremko wa zamani wa gati, akatafuta pale nilipomwambia: kwenye upana wa ngazi, panapobana. Akatoa shilingi ya simba, 1948.

Ijumaa, Kibiro kwa mbali, Hoima, Kampala

Wasaidizi wetu walitaka kutupeleka Kibiro kwa boti. Huko wanawake wamechemsha chumvi kutoka chemchemi za moto kwa karne nyingi, na ardhi yake imejaa vigae vya zamani ambavyo wataalamu wa mambo ya kale wamevichimba kwa utaratibu. Koili haina ruhusa pale, na sisi hatukuiombea. Tutakwenda siku moja kama wageni, kununua chumvi.

Tumepanda ukuta wa bonde tukaelekea Hoima, Hajati na Afande wakaswali Ijumaa mjini, kisha Kampala kwa mwendo mmoja. Kufuli na orodha yenye picha, kina na mahali tutavipeleka Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kitante.

Fundi anataka Buvuma kiangazi cha Juni na Julai. Anasema hatatafuta sanduku, atatafuta magati. Nimemwambia tutaandika barua mapema kwa viongozi wa miala, na kwamba pesa zetu za kwanza zitanunua jaketi nne za kuokolea, kabla ya koili yoyote mpya.